Uzi: Hamoki ya kulalia kambini kwa hali ya hewa ya Dodoma, tusidanganywe na kilo zilizoandikwa kwenye mfuko

Mleta uzi

Habari za wakati huu, ndugu zangu.

Kiangazi kikishakolea huku kanda ya kati, hususan kuanzia Juni mpaka Oktoba, maswali ya kulala porini bila hema huongezeka, na kubwa kuliko yote ni hamoki ipi ya kununua, yaani kile kitanda cha kitambaa kinachotundikwa kati ya miti miwili. Majibu mengi ninayosoma huishia kwenye bei na kwenye kilo ambazo muuzaji anasema kitambaa kinabeba. Mimi naona hivyo viwili ndivyo vya kuangaliwa mwisho. Hamoki ya kulalia huchaguliwa kwa urefu wake, kwa mikanda inayoishikilia, na kwa kile kitakachokuwa chini ya mgongo wa mlalaji itakapofika saa kumi alfajiri. Mengine yote, ikiwemo idadi ya vimfuko vya kuwekea simu, ni mapambo.

Naanza na urefu kwa sababu ndiko fedha za wengi zinakopotelea. Hamoki za bei nafuu kwa kawaida zina urefu wa mita 2.6 au 2.7, na zinamfaa mtu anayetaka kujinyoosha mchana kwa saa moja akisoma gazeti. Kwa usiku mzima hazimfai mtu mzima wa kimo cha kawaida. Ukilala ndani yake kwa kufuata mstari wa katikati, kiuno kinazama, kichwa na miguu vinapanda, magoti yanasukumwa kinyume na yanavyokunjika, na kitambaa kinakuja kukubana mabega pande zote mbili. Namna sahihi ya kulala ni kimshazari: kichwa unakipeleka upande mmoja wa mstari wa katikati na miguu upande wa pili, na hapo kitambaa kinatandazika, mgongo ukawa karibu sawa na unavyokuwa kitandani. Ulalo huo unahitaji nafasi. Mwenye kimo cha mita 1.65 hadi 1.80 atafute hamoki ya mita 3.3 hivi, upana usiopungua mita 1.5, na aliye mrefu zaidi aongeze. Zile zinazoitwa za watu wawili mara nyingi zimeongezwa upana tu, urefu umeachwa uleule, kwa hiyo nenda dukani na futi ya fundi upime mwenyewe kabla ya kulipa.

Jambo la pili ni namna ya kuitundika, nalo linaathiri ununuzi kuliko watu wanavyodhani. Wengi hupenda kuikaza hamoki mpaka inyooke kama kamba ya kuanikia nguo, wakiamini kwamba ndivyo itakavyokuwa bapa. Matokeo yake ni kinyume, kwa sababu kitambaa kilichokazwa hujifunga mabegani na humpindua mtu kwa urahisi. Halafu kuna suala la nguvu. Mkanda unaposhuka kutoka kwenye mti kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, mtu wa kilo 80 anauvuta kila mkanda kwa nguvu inayolingana na uzito wake wote, yaani kilo 80 upande huu na kilo 80 upande ule. Pembe ikipungua hadi nyuzi 15, kila mkanda unabeba takribani kilo 155. Ikifika nyuzi 10, ni takribani kilo 230. Mlalaji ni yuleyule, hajala hata tonge la ziada, lakini mzigo umekaribia kuwa mara tatu. Ndiyo maana nasema kilo zilizoandikwa kwenye mfuko hazikuambii kitu mpaka ujue pembe utakayoitumia.

Pembe hiyo unaweza kuikisia kwa mkono. Nyoosha kidole cha shahada kiwe sambamba na ardhi, kidole gumba kisimame wima, kisha weka kiganja chako sambamba na mkanda. Mstari unaounganisha ncha za vidole hivyo viwili unakaribia sana nyuzi 30, na mkanda ukilala juu ya mstari huo, basi. Kitu kingine kinachosaidia ni kamba nyembamba isiyonyumbuka inayounganisha ncha mbili za hamoki kwa juu, yenye urefu wa asilimia 83 hivi ya urefu wa hamoki. Kwa hamoki ya mita 3.3 kamba hiyo inakuwa mita 2.75. Ikiwepo, ulegevu wa kitambaa haubadiliki hata miti ikibadilika, na hapohapo ndipo utakapotundika taa na chandarua.

Sasa tuje kwenye mazingira yetu. Miti ya nyika ya Dodoma haikukaa kwa kupangwa. Hamoki ya mita 3.3 inapenda miti iliyoachana mita 4 hadi 5, na hapo mkanda unafungwa kwenye shina kwa kimo cha kichwa au kidogo zaidi, huku sehemu ya kukalia ikiwa sentimita 45 hivi kutoka ardhini, kimo cha kiti cha kawaida. Ukienda uelekeo wa Bahi au Chamwino utakuta migunga miwili mizuri imeachana mita 7. Ili upate nyuzi 30 kwa umbali huo, inabidi mkanda ufungwe mita 2.5 kwenda juu, mahali ambapo huwezi kufika bila kupanda kwenye kitu. Mtu akishindwa kufika huko huikaza hamoki, pembe inapungua, na tunarudi kwenye zile kilo 230. Kwa hiyo, anayepanga kulala huku kwetu asikubali mikanda mifupi inayokuja ndani ya mfuko. Anunue ya mita 4 au 5 kila mmoja, na achague mti kabla ya kuchagua mandhari.

Mikanda yenyewe iwe ya poliesta, upana usiopungua sentimita 2.5. Naironi hunyumbuka, na ikilowa umande hunyumbuka zaidi, hata mtu aliyelala akiwa juu akaamka makalio yakigusa majani. Kamba ya katani au kamba nyembamba ya aina yoyote haifai kuzungushwa kwenye shina, maana inakata gome na kuuumiza mti. Poliesta ile ya mikanda ya kufungia mizigo ya malori inatosha kabisa, ni nzito tu. Kuhusu karabina, yaani vishikizo vya chuma vya kuunganishia hamoki na mkanda, zile za kuning'inizia funguo zikae na funguo. Ya kubebea mtu huwa imechorwa uwezo wake ubavuni, kwa mfano 22 kN (kilonewton, kipimo cha nguvu), na kila kN moja ni kama kilo 100.

Kwenye kitambaa, joto ndilo linaloamua. Pamba ni laini na haitoi jasho, lakini ni nzito, hunywa maji, huchelewa kukauka, na ikifungwa ikiwa mbichi huoza. Naironi na poliesta nyepesi hukauka upesi na hukunjika mpaka ikaingia kwenye mfuko mdogo. Kipimo changu ni rahisi: bana kitambaa mdomoni, upulize. Pumzi ikipita, kinafaa. Isipopita, kimepakwa kinga ya maji kama koti la mvua, na usiku wa Novemba utalowa kwa jasho lako mwenyewe. Hamoki za wavu wa kamba zina hewa kuliko zote, ila zinachora mwili na hazizuii mbu hata kidogo. Zile zenye fito za kutanulia kwenye ncha zinapendeza machoni, lakini zinapinduka kirahisi na ni za bustanini.

Mbu wanahitaji maneno zaidi kidogo. Kitambaa kimoja chembamba kilichobanwa na mgongo hakimzuii mbu. Anakaa chini kwa nje na kuchoma kama vile hakuna kitu. Ukiwa kandokando ya bwawa la Mtera au la Hombolo, au karibu na ardhi oevu ya Bahi, chandarua cha juu peke yake hakitoshi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni chandarua kinachoizunguka hamoki yote kama soksi, chini na juu, kikiwa kimeachana na kitambaa. Ya pili ni hamoki yenye matabaka mawili ya kitambaa na chandarua kilichoshonewa juu. Ya kwanza ni bora kwa joto, kwa sababu hewa inapita chini na siku isiyo na mbu unaiacha nyumbani. Ya pili ni rahisi kutumia gizani, lakini tabaka la pili linaongeza joto, na chandarua kisichovulika kinakuudhi mchana unapotaka kukaa tu.

Rangi nayo si suala la urembo pekee. Katika mapori yenye mbung'o, kama ilivyo kwa baadhi ya mapori ya magharibi mwa kanda yetu, mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, na mitego yao hutengenezwa kwa rangi hizohizo kwa makusudi. Chagua rangi ya udongo, kijivu au kijani iliyofifia.

Namalizia sehemu hii na ile alfajiri niliyoitaja mwanzo. Dodoma ipo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Julai jua linawaka na mtu anaamini amekuja kupiga kambi ya joto, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wa kusini mashariki hauna habari na ratiba yako. Anayelala kwenye hamoki anapitiwa na upepo huo chini ya mgongo, na blanketi alilolilalia limebanwa na uzito wake, halina hewa ndani, kwa hiyo halizuii baridi. Kinachosaidia ni kuweka kizuizi kwa nje. Chukua shuka nzito ya Kimasai au blanketi jepesi, lifungwe pembe zake kwenye ncha za hamoki lining'inie chini ya kitambaa likikigusa bila kukibana. Tofauti utaiona usiku uleule. Mkeka wa sponji ndani ya hamoki pia unasaidia, ila unateleza, na hapo hamoki ya matabaka mawili inajitetea kwa sababu mkeka unachomekwa katikati. Kuanzia Oktoba mpaka mvua zinapoanza unaweza kuviacha vyote hivyo nyumbani.

Mchangiaji, Singida

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo. Naomba kuuliza mambo mawili. Hizo hamoki za mita 3.3 huku kwetu sizioni madukani. Je, inawezekana kumpa fundi cherehani akashona? Na kama inawezekana, je, kitenge kinaweza kutumika, kwa kuwa ni pamba na kipo cha kutosha?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Singida, inawezekana, na pengine ndiyo njia nzuri zaidi kwa mtu anayejua kimo chake. Kitenge kitakukwamisha kwenye upana, maana kwa kawaida hakizidi mita 1.2, na ulalo wa mshazari unataka mita 1.5; kuunganisha vipande viwili kwa urefu kunakuletea mshono katikati ya mgongo. Tafuta kitambaa kile chepesi kinachoitwa cha parashuti, chenye upana wa mita 1.5, ukate mita 3.5. Kipulizie kwanza kama nilivyoeleza.

Mwambie fundi akunje kingo ndefu kwa pindo jembamba. Kwenye kingo fupi akunje mara mbili, aache njia ya sentimita 3 ya kupitisha kamba, na apige mistari mitatu ya cherehani kwa uzi wa poliesta. Uzi wa pamba ukioza, hamoki inafunguka kwenye mshono ilhali kitambaa bado ni kizima. Pitisha kamba ya poliesta ya milimita 6 kwenye njia hiyo, uivute mpaka kitambaa kijikusanye chote, kisha uifunge kitanzi. Kabla hujalala, itundike karibu na ardhi, weka gunia la mahindi la kilo 100, uliache mpaka kesho yake, halafu kagua mshono kwa vidole: uzi ukionekana umefungua matundu kwenye kitambaa, mrudishie fundi aongeze kipande cha kuimarisha.

Mchangiaji, Mpwapwa

Naunga mkono hoja ya kuchagua mti kwanza, na naomba niongeze kwa kuwa huku miti ndiyo shughuli yetu. Wageni wengi wakifika hukimbilia mbuyu kwa sababu ya ukubwa. Mbuyu hauzungukiki, shina lake linaweza kuzidi mita 10 kwa mzunguko, kwa hiyo mkanda wote unaishia kwenye shina. Mgunga ni mti imara, lakini safisha miiba chini yake kwanza, la sivyo utakanyaga usiku na hamoki itatoboka wakati wa kuikunja. Mkwaju ni mzuri kuliko yote, una nguvu na kivuli kizito. Mwarobaini wenye shina la sentimita 20 na zaidi unafaa, na karibu kila kijiji kina mistari yake iliyopandwa kwa kivuli.

Mti wa kuuepuka ni mnyaa, ule unaopandwa kuzungushia boma. Tawi likivunjika linatoa utomvu mweupe, na ukiingia machoni ni hatari kubwa. Pia msifunge kwenye mti uliokauka. Mchwa hula moyo wa shina na kuacha gome likiwa zima kwa nje. Gonga kwa jiwe: mti mzima unajibu kwa sauti nzito iliyokufa, na ulioliwa unalia kama ngoma. Kabla ya kulala angalia na juu, maana tawi kavu linaloshikiliwa na matawi mengine halitangazi siku yake.

Mchangiaji, Dodoma mjini

Mimi ni wa hema na nitabaki wa hema. Naomba nieleweshwe: fisi anapopita usiku, mtu aliyening'inia ana kinga gani? Na mvua ikinyesha ghafla? Swali langu la pili ni la nyumbani. Wakati nasubiri kushawishika, nataka kuifunga barazani kati ya nguzo mbili za matofali. Kuna tatizo?

Mleta uzi

Ndugu, kuhusu fisi sitakupinga. Kitambaa cha hema nacho hakizuii jino la fisi, lakini hema inaficha umbo la mtu na inamfanya mnyama asite, na hamoki haifanyi hivyo. Kwa sababu hiyo hamoki naiona ni ya mahali penye watu: kambi rasmi yenye mlinzi, shamba la ndugu, uwanja wa kijiji uliopewa ruhusa na serikali ya kijiji. Katika mapori ya akiba kama Swagaswaga hulali popote unapotaka kwa namna yoyote ile. Unapata kibali na unalala palipoelekezwa. Kandokando ya Mtera kuna viboko na mamba, na kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, kwa hiyo usitundike kwenye njia zake hata kama miti miwili bora iko hapo. Faida ya hamoki ni dhidi ya viumbe wadogo: nge na nyoka wa ardhini kwa kawaida wanabaki chini. Viatu tu usiviache chini, vifunge kwenye mkanda, na uvikung'ute asubuhi.

Kuhusu mvua, Dodoma tunapata takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Kwa miezi ya kiangazi turubai si lazima. Anayelala msimu wa mvua achukue turubai refu kuliko hamoki, angalau mita 3.5, na afunge uzi mfupi kwenye kila mkanda karibu na ncha ya hamoki, ili maji yanayotiririka kutoka kwenye mti yadondoke hapo kabla hayajafika kitandani. Turubai hilohilo likifungwa chini upande wa upepo linakusaidia hata Julai.

Swali lako la baraza ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko fisi. Tafadhali usifunge. Nguzo ya matofali imejengwa kubeba paa, yaani uzito unaoshuka chini, na haikujengwa kuvutwa ubavuni. Kwa mtu wa kilo 80 kwenye nyuzi 30, kila nguzo inavutwa kwa usawa kwa nguvu ya karibu kilo 70, na watoto wakianza kubembea nguvu hiyo inapanda zaidi. Nguzo isiyo na nondo inaweza kuvunjika na kumwangukia aliyelala, kwa kuwa inavutwa kuelekea kwake, na watu wameshapoteza maisha kwa namna hiyo katika nchi mbalimbali. Kama nguzo ni ya zege, muulize fundi aliyeijenga iwapo nondo zimetoka kwenye msingi. Kama hayupo wa kujibu, chimbia uani nguzo mbili za chuma zilizojazwa zege, mita 1 kwenda chini, zikiegemea nje kidogo, au tumia mwarobaini mmoja na nguzo moja.

Mchangiaji, Dodoma mjini

Nimeelewa, baraza nimeliacha. Mwarobaini mmoja ninao uani. Je, hamoki inaweza kukaa nje muda wote ikiwa imefungwa?

Mleta uzi

Mikanda na hamoki viingie ndani kila ukimaliza. Jua letu linakula naironi na poliesta taratibu, naironi haraka zaidi, na kitambaa kilichochoka hakionyeshi dalili mpaka kinapochanika. Ukiona rangi imepauka na kitambaa kimekuwa kikavu mkononi, usikilalie tena. Na jiko la mkaa likae mbali, upande ambao upepo unakwenda, kwa sababu cheche moja inayeyusha tundu kwenye kitambaa, na tundu hilo likibeba uzito wa mtu halibaki dogo.